Spea za mfumo wa petroli wa Land Rover Series III: zipi ni za kiwandani, zipi za kampuni nyingine

Ukiingia dukani kutafuta spea ya Land Rover ya zamani, muuzaji atakuuliza kwanza: "Nikupe orijino au ya kawaida?" Wengi hujibu kwa kuangalia mfuko. Mwenye nazo anasema orijino, asiye nazo anasema ya kawaida, na wote wawili wanaweza kurudi nyumbani na kitu kibovu. Kwenye mfumo wa petroli wa gari la miaka arobaini au hamsini, jibu hubadilika kifaa kwa kifaa. Vyuma vilivyotoka na gari kiwandani, yaani bodi ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), bodi ya pampu, jeti (vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli) na tangi, mara nyingi ni bora kuliko vipya vinavyouzwa leo, na vinastahili kukarabatiwa. Vya mpira ni kinyume kabisa. Mpira wa zamani, hata ukiwa orijino ndani ya boksi ambalo halijawahi kufunguliwa, usiufunge kwenye gari lako.

Mwongozo huu ni wa Land Rover Series III yenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286, ile ya lita 2.25. Magari haya yalitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na mengine yaliunganishwa Thika, Kenya. Yalibeba maofisa wa wilaya, mapadri, askari wa wanyamapori na mameneja wa mashamba, na mengi yaliyobaki yako kwa watu binafsi wanaotaka kuyafufua. Mwenye Series IIA, toleo la kabla yake, ya petroli anaweza kufuata karibu yote yaliyomo humu, maana injini ni ileile.

Hatua ya kwanza: jua ulichonacho

Kabla hujatoa hata shilingi, fungua boneti uangalie gari lina kabureta gani. Zipo tatu utakazokutana nazo. Zenith 36 IV ndiyo ya kiwandani kwa Series III. Solex 40 PA10 ni ya magari ya miaka ya 60, lakini mafundi wengi waliihamisha kutoka gari moja kwenda jingine. Ya tatu ni Weber 34 ICH, ambayo haikutoka na gari. Hufungwa na watu waliochoka na Zenith. Jina limechorwa kwenye bodi, likizibwa na vumbi na mafuta tumia brashi na petroli kidogo.

Angalia na pampu. Ya kiwandani ni ya kampuni ya AC, imefungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na kamshafti, shafti inayozunguka ndani ya injini. Zipo zenye bakuli la kioo la kunasia uchafu na zisizo nalo, zipo zenye kijiti cha kupampu kwa mkono na zisizo nacho. Piga picha kila kitu kikiwa bado kimefungwa, pamoja na njia ambayo mipira inapita. Andika namba ya injini na namba ya chesesi kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani. Magari haya yamepitia mikono mingi, na mwaka ulioandikwa kwenye kadi hauthibitishi kwamba vilivyomo ndani ni vya mwaka huo.

Hatua ya pili: elewa maneno ya dukani

Land Rover hawakuwahi kutengeneza kabureta wala pampu zao. Kabureta zilitoka kwa Zenith na Solex, pampu kwa AC. Kwa hiyo kuna spea ya boksi la Land Rover, kuna spea ileile ya boksi la kampuni iliyokuwa ikiwauzia Land Rover, na hizi mbili zilikuwa kitu kimoja kwa bei tofauti. Halafu kuna kampuni zinazotengeneza au kuagiza spea za badala kwa jina lao wenyewe. Baadhi ni nzuri sana, baadhi ni za kubahatisha, na kampuni moja inaweza kuwa na mpira mzuri na pampu mbaya. Chini kabisa kuna feki: spea iliyopachikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza.

Usilione boksi ukadhani umeiona spea. Namba za zamani za Land Rover zilikuwa tarakimu sita; baadaye zikaja zenye herufi mbele kama ERC, ETC na RTC. Namba hubadilika kadiri kiwanda kinavyobadilisha kifaa, kwa hiyo namba isiyofanana na ya kwenye kitabu chako si ushahidi wa feki. Ushahidi uko kwenye kifaa chenyewe.

Kuna pia stoo ya zamani: spea mpya za miaka ile zilizolala rafuni mpaka leo. Ukipata bodi ya pampu au seti ya jeti za namna hiyo, chukua. Ukipata dayaframu (utando wa mpira unaosukuma petroli ndani ya pampu), gasketi ya gome laini la koki au mpira wa mafuta, mshukuru mwenye duka uondoke.

Hatua ya tatu: pima kwanza, nunua baadaye

Kabureta nyingi hununuliwa bila sababu. Gari linakatakata, fundi anasema kabureta imekufa, mwenye gari analipa, na gari linaendelea kukatakata kwa sababu tatizo lilikuwa wavu wa tangini, au mpira uliopasuka upande wa kuvuta, au petroli iliyokaa tangini mwaka mzima ikageuka kuwa ulimbo. Wengine wamewekewa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo, na Tanzania mafuta huwekwa vinasaba, yaani alama maalumu za utambuzi, kwa sababu hiyohiyo. Kwa hiyo anza kwa kumwaga petroli ya zamani na kuweka mpya kutoka kituo unachokiamini.

Fanyia kazi hii nje, kwenye hewa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka chini na kujaa kwenye shimo la gereji, na unaweza kusafiri hadi kwenye jiko au cheche ya mashine ya kuchomelea iliyo mbali nawe. Toa waya wa betri. Weka mtungi wa kuzimia moto mahali unapoweza kuufikia kwa mkono mmoja.

Sasa pima pampu. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uingize kwenye chupa ya kioo, chomoa waya mkubwa wa koili na uuegeshe kwenye bodi la injini ili kusiwe na cheche, rudisha waya wa betri, kisha mwambie mtu apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu, bila mapovu. Mapovu yanamaanisha hewa inaingia mahali fulani kati ya tangi na pampu, na hapo hata pampu mpya haitakusaidia. Ukiweza kuazima geji ya presha ndogo, pampu ya AC yenye afya hutoa takriban psi (kipimo cha presha) 1.5 hadi 2.5. Iandike namba hiyo, utaihitaji tena.

Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili yenye harufu ya petroli, au ambayo kimo chake kimepanda bila kuongezwa, inaeleza kwamba dayaframu ya pampu imetoboka na petroli inamwagika kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Usiendeshe gari hilo hata kilomita moja. Oili iliyochanganyika na petroli inamaliza beringi za injini, na injini ni ghali kuliko pampu mara nyingi sana.

Hatua ya nne: vya mpira vyote viwe vipya

Hapa usibane pesa, na usitafute uhalisi. Mpira uliotengenezwa miaka ya 70 ulikusudiwa petroli ya wakati ule. Petroli ya sasa haina risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zimeiacha ile ya risasi tangu 2006, na viambato vilivyochukua nafasi yake huulegeza au kuukausha mpira wa zamani. Kama gari lako liko Uingereza, ambako petroli ya kawaida ina hadi asilimia 10 ya ethanoli tangu Septemba 2021, hali ni mbaya zaidi. Ethanoli hufyonza unyevu, hutafuna mipira ya aina ya zamani na kuleta kutu tangini. Wenye magari ya kihistoria huko hutumia petroli ya daraja la juu, ambayo kwa kawaida ina ethanoli kidogo zaidi.

Mpira wa mafuta unasomwa ubavuni. Tafuta maandishi SAE J30 yakifuatiwa na R na namba. R6 na R7 ni mipira ya kawaida ya mifumo ya kabureta, inafaa palipo na petroli isiyo na ethanoli. R9 ni ya presha kubwa na ndani ina utando unaohimili ethanoli na joto. R14 imetengenezwa isivujishe mvuke, na inahimili ethanoli pia. Kwa gari la kutunza mimi ningefunga R9 kila mahali, hata kama presha ya pampu haihitaji, kwa sababu Land Rover hii ina manifoldi ya kuvuta na ya kutolea moshi upande mmoja wa injini, na kabureta inakaa juu ya joto lote hilo. Tofauti ya bei kwa gari zima ni ndogo, maana sehemu zenye mpira ni fupi. Kwingine kote ni bomba gumu.

Maandishi peke yake hayatoshi, kwa kuwa wino haugharimu kitu. Sugua kwa kidole gumba chenye petroli: maandishi yakifutika yote mara moja, tia shaka. Kisha kata kipande cha urefu wa kidole, kipime unene wake kwa vernia (kifaa cha kupimia unene), kitumbukize kwenye chupa ya kioo yenye petroli, ifunge na uiweke mahali pasipo jua wala moto kwa wiki moja. Ukikitoa, pima tena. Mpira mzuri utatoka karibu kama ulivyoingia, na petroli itabaki na rangi yake. Mpira mbaya utakuwa umevimba, ukiuminya unabonyea kama ini, na petroli imegeuka kuwa chai ya rangi. Weusi huo ndio ungekwenda kukaa kwenye jeti za kabureta yako. Nunua nusu mita kwanza, ujaribu, ndipo ununue iliyobaki kutoka rola ileile.

Usikubali mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule wa pikipiki. Kwenye joto la injini hii huwa mgumu, unajinyoosha, na siku moja unachomoka juu ya manifoldi ya moto. Zingatia pia kipenyo. Bomba nyingi za gari hili ni za inchi, 5/16, sawa na milimita 8 hivi, na mpira wa milimita 6 ulioingizwa kwa nguvu baada ya kuchovywa kwenye maji moto utapasuka pale ulipovutwa. Klampu ziwe zile za mpira wa mafuta, zenye mkanda mwembamba na kingo zilizokunjwa. Klampu pana zenye matundu, ambazo mafundi huzitoa kwenye mipira ya rejeta, hung'ata mpira laini na kuukata.

Hatua ya tano: pampu

Kama bodi ya pampu yako ya AC haijapasuka na mkono wake hauchezi sana kwenye pini, ihifadhi. Shika mkono huo unaosukumwa na kamshafti uutikise upande kwa upande. Kucheza kidogo ni kawaida ya umri. Ukicheza kiasi cha kugusa kingo za bodi, pini na tundu lake vimekwisha, lakini hata hapo fundi wa kukereza mwenye mkono mzuri anaweza kutoboa tundu upya na kuweka pini nene. Nunua kiti ya ukarabati, yaani seti ya vipuri yenye dayaframu, valvu na gasketi. Kiti hii itoke kwa kampuni yenye jina, iwe ya sasa, na muuzaji aweze kukuambia dayaframu ni ya kitu gani. Kabla ya kufungua pampu kwaruza alama kwenye nusu mbili za bodi ili uzirudishe zikitazama kulekule, na unapokaza skrubu usukume mkono wa pampu ili dayaframu ivutike sawasawa, la sivyo itapasuka mapema.

Pampu mpya za kampuni nyingine zinauzwa kwa bei ya kuvutia, na kwa gari la kazi zinaweza kuwa jibu. Shida yake kubwa ni springi. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi pampu inatoa presha inayoishinda sindano ya kabureta (ile inayoinuliwa na boya kufunga petroli kabureta ikijaa), petroli inafurika, gari linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, halafu watu wanailaumu kabureta. Nimeona kabureta nzima ikibadilishwa kwa kosa la springi ya pampu. Kwa hiyo pampu mpya ikifungwa tu, rudia kipimo cha geji. Ikivuka psi 4, irudishe dukani. Angalia pia uso unaokaa kwenye injini: weka rula ya chuma juu yake uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona mwanga unapita, oili itavuja.

Kuhusu pampu ya umeme, najua inavutia hasa kwa gari linalolala muda mrefu. Lakini pampu ya kiwandani ina usalama wake wa asili: injini ikizimika, nayo inasimama. Ya umeme huendelea kumimina petroli hata gari likiwa limelala ubavu mtaroni. Ukiamua kuifunga, chagua ya presha ndogo iliyokusudiwa kabureta, ifungie swichi inayokata umeme pale injini inapozimika au gari linapogonga, na ziba vizuri tundu lililoachwa na pampu ya zamani. Pampu iliyotolewa kwenye gari la kisasa lenye injekta usiifikirie kabisa; hiyo hufanya kazi kwenye presha za makumi ya psi, na Zenith haina namna ya kuizuia.

Hatua ya sita: kabureta

Zenith 36 IV ina sifa mbaya mitaani, na kwa kiasi kikubwa haistahili. Ugonjwa wake ni mmoja. Bodi yake ni ya aloi laini, na miaka ya joto pamoja na mafundi waliokaza skrubu kwa hasira huifanya sehemu ya juu ijipinde. Ikijipinda, petroli na hewa hupita pasipotakiwa. Gari linaunguruma vibaya bila kukanyagwa, skrubu ya kurekebisha mchanganyiko haifanyi kazi, na ulaji wa mafuta unapanda. Mwenye gari anaambiwa anunue mpya, na ile ya kiwandani inaishia kwa wauza skrepa.

Kabla hujaitupa, fanya jaribio hili. Fungua kabureta katika nusu zake mbili, ng'oa gasketi yote iliyoganda kwa kijiti cha mbao, si bisibisi. Tafuta kipande cha kioo kinene cha dirisha au meza. Laza uso wa sehemu ya juu kwenye kioo ubonyeze kwa kidole kona moja, kisha nyingine. Ikitikisika, imejipinda. Gundisha msasa laini wa maji kwenye kioo, weka maji kidogo, na uisugue bodi polepole kwa mwendo wa namba nane bila kuilalia. Kila baada ya muda ichomoe uitazame: sehemu zilizoguswa na msasa zinang'aa, zilizo bondeni zinabaki na rangi ya kijivu. Ukiona uso wote unang'aa sawasawa, simama hapohapo. Rudia kwa nusu ya chini. Osha kwa petroli safi na upulize kila njia kwa hewa, maana chembe moja ya msasa ikibaki ndani itaziba jeti.

Kisha badilisha oringi ndogo inayokaa kati ya nusu hizo mbili. Chukua ya Viton, aina ya mpira unaohimili petroli na ethanoli. Badilisha dayaframu ndogo ya kubania mafuta, iliyo chini ya kifuniko chake cha skrubu. Hii ikitoboka gari hunywa petroli safari nzima na hakuna atakayeishuku, kwa sababu kwa nje haionekani. Gasketi zote ziwe mpya.

Ndani ya kiti nyingi za kabureta kuna jeti mpya, na hapa nakuomba uwe mgumu: usizifunge. Jeti za shaba zilizotoka kiwandani zilitobolewa kwa kipimo, na namba yake imegongwa juu yake. Jeti za kiti za bei rahisi zinaweza kuwa na namba ileile na tundu tofauti. Kama jeti yako haijawahi kuchokonolewa kwa waya, ni bora kuliko yoyote utakayouziwa. Isafishe kwa hewa au uzi wa nailoni. Iliyochokonolewa kwa waya imeshatanuka. Tafuta nyingine kutoka kabureta ya mtumba. Sindano ya boya ndiyo inayostahili kuwa mpya, mradi kipimo kilichoandikwa pale sindano inapokaa kifanane na cha ile ya zamani. Iweke, puliza kwa mdomo kwenye njia ya kuingizia petroli huku ukiinua boya kwa kidole: pumzi ikatike kabisa.

Shika shafti ya kipepeo cha chini (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na hakuna kiti itakayotibu hilo. Mpelekee fundi wa kukereza aweke bushi za shaba. Kazi hiyo moja huirudishia kabureta ya zamani maisha kuliko kabureta mpya ya bei nafuu.

Vipi kama Zenith yako imepasuka kabisa? Chaguo la kwanza ni Zenith nyingine ya mtumba ya kukarabati. La pili ni Weber 34 ICH. Ni kabureta nyepesi, ina vifaa vichache, na Weber halisi za siku hizi hutengenezwa Hispania. Itahitaji sahani ya kuunganishia kwenye manifoldi, marekebisho ya mkono wa kukanyagia na njia ya hewa kutoka kwenye chujio. Utapoteza nguvu kidogo kwenye mlima, na utapata gari linalowaka asubuhi bila kubembelezwa. Kwa gari la shamba ni biashara nzuri. Kwa gari unalotaka libaki kama lilivyozaliwa, hapana. Na hata ukiifunga, Zenith yako iweke stoo. La tatu, ambalo sipendekezi, ni nakala mpya za Zenith na Weber zisizo na jina la kueleweka. Zipo zinazofanya kazi, lakini huwezi kujua kabla hujalipa, na ukifungua utakuta mabaki ya chuma kwenye njia za petroli na skrubu zinazokaa kombo.

Jambo moja ambalo vitabu vya Uingereza havilitilii mkazo: mwinuko. Gari lililopangwa jeti kwa ajili ya Mombasa au Dar es Salaam litakula mafuta mengi kuliko hewa likipanda Nairobi, Mbeya au Njombe, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kama gari linaishi nyanda za juu na plagi zake ni nyeusi hali kila kitu kingine ni kizima, jeti kuu ndogo kwa hatua moja huenda ikawa ndiyo dawa. Usiibadilishe kabla hujahakikisha presha ya pampu na kimo cha boya.

Hatua ya saba: tangi, filta na geji

Tangi la kiwandani ni la bati nene, na mengi yanaokolewa kwa kusafishwa kutu na kuzibwa. Mapya ya kampuni nyingine yanafaa kama mishono yake ni safi. Lijaze maji na ulitazame usiku kucha kabla ya kulifunga, kisha likaushe kabisa. Usimruhusu mtu yeyote kuchomelea tangi lililowahi kubeba petroli kwa sababu tu linaonekana limekauka. Mvuke uliobaki kwenye mishono unaua mafundi.

Filta haihitaji kuwa orijino. Chukua yenye jina, mshale wa mwelekeo ukielekea kwenye injini. Ya plastiki ya kuona ndani ifungwe mbali na manifoldi. Karibu na kabureta weka ya chuma. Bakuli la kioo la pampu, kama unalo, litunze. Kinachobadilishwa ni gasketi yake tu.

Geji ya mafuta inapodanganya, watu hukimbilia kununua boya la tangini. Series III ina kidhibiti kidogo cha umeme nyuma ya dashibodi kinachopeleka volti 10 kwa geji ya mafuta na ya joto kwa pamoja. Geji zote mbili zikidanganya kwa wakati mmoja, mkosaji ni hicho kidhibiti, na ni cha bei ndogo. Ikidanganya ya mafuta peke yake, ndipo utoe boya. Ukiweza kulisafisha la zamani, lirudishe, kwa sababu mapya mengi yana waya wa kipimo tofauti na geji itasoma nusu tangi likiwa limejaa.

Hatua ya nane: dukani

Nenda na kifaa cha zamani mkononi, vernia, na ile karatasi ya namba. Iwe ni Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road Nairobi au Kisekka Kampala, utaratibu ni mmoja: boksi lifunguliwe mbele yako.

"Mzee wangu, hii orijino kabisa, niamini."
"Nakuamini, mwanangu. Nifungulie tu nilinganishe na hii yangu."

Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Linganisha matundu ya skrubu, urefu wa mkono wa pampu, kipenyo cha bomba la kuingilia na kutokea. Nusa mpira: wenye harufu kali ya kemikali na unaoacha weusi mkononi urudishe. Kata risiti na mkubaliane kwa maneno kuhusu kurudisha ikiwa haitafunga. Ukiagiza kutoka Uingereza, omba picha ya kifaa chenyewe kitakachotumwa, si ya katalogi, na uliza kimetengenezwa nchi gani. Maduka mengi huko huuza kifaa kilekile kwa daraja mbili au tatu za bei, na watakueleza tofauti ukiuliza.

Usimwachie fundi vifaa vya zamani. Sema mapema, kabla kazi haijaanza, kwamba kila kinachotoka kwenye gari kinarudi kwako. Bodi ya Zenith na pampu ya AC zinazotupwa leo ndizo zitakazotafutwa kesho, na haziundwi tena.

Hatua ya tisa: kufunga na kujaribu

Badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uende kwenye kingine. Ukifunga pampu, kabureta na mipira kwa siku moja na gari likagoma, hutajua pa kuanzia.

Jaza petroli ya lita tano au kumi, si tangi zima. Kama pampu yako ina kijiti cha mkono, pampu nacho mpaka usikie kijiti kimekuwa chepesi, maana yake bakuli la boya limejaa. Pitisha karatasi laini kavu kwenye kila kiungo, kuanzia tangini. Karatasi huonyesha unyevu ambao jicho halioni. Ndipo uwashe. Liache liungurume kwa robo saa bila kuondoka karibu nalo, ulizime, usubiri joto lipande kwenye kabureta, na upitishe karatasi tena. Mivujo mingi hujitokeza hapo, injini ikiwa moto na imezimwa.

Endesha safari fupi, kagua oili kwa kunusa, toa plagi uangalie rangi: kahawia ni sawa, nyeusi yenye masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni hewa nyingi. Baada ya wiki ya kutumia gari kaza klampu zote tena, maana mpira mpya hulegea ukishazoea. Andika kwenye daftari la gari tarehe uliyofunga kila mpira na dayaframu, kampuni iliyoitengeneza na duka ulikonunua. Mipira hiyo ibadilishwe baada ya miaka mitano hata kama kwa nje bado inaonekana mipya.